Iliki yangu, kilima cha Amani na kandambili iliyopotea

Nilipanda Amani, kwenye milima ya Usambara, kwa mtindo wetu wa Tanga, waja leo waondoka leo. Nikarudi siku ya tatu.

Ilikuwa mwanzoni mwa Aprili 2024, Ramadhani, masika yamekolea, na mteja wangu wa Ngamiani anataka iliki kabla ya Idi. Magunia mawili niliyapata. Kazi ikawa kushuka. Kabla ya kufika Sigi tukakuta ngema imemeguka, imelala barabarani, na migomba imesimama wima juu ya tope utadhani imepandwa jana.

Kijana wa bodaboda akaniambia, "Mama, mvua si imekatika? Tunapita fasta, tusisimame tu." Na mimi, mtu mzima wa miaka 50, nikamsikiliza! Hatua kumi hazikufika, pikipiki ikazama hadi injini. Nikatoka na kandambili moja. Tukaivuta kwa kamba ya katani, huku vijiwe vikituporomokea kisogoni.

Bibi mmoja mwenye shamba la mdalasini akatufokea kutoka ng'ambo ya barabara. "Wanangu, hamkioni kijito?" Kijito kilichokuwa kikinguruma asubuhi kilikuwa kimebaki uzi, rangi ya chai ya maziwa. Kimezibwa huko juu, akasema, na kilichokiziba kitashuka. Akatuhamishia kwake, pikipiki na magunia na vyote.

Saa kumi jioni, jua linawaka, kipande cha pili kikashuka. Palepale tulipozama. Udongo ulioshiba maji hauna habari kwamba mvua imekatika. Ningemwambia hayo kijana, lakini alikuwa anatetemeka kuliko mimi.

Tulifuturu kwa bibi, mihogo na maharage. Usiku nikampigia mdogo wangu aliyeko Norway. Akanicheka kwanza. Kisha akaeleza kwamba huko theluji hushuka hivyohivyo, hasa kwenye miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, na anayelazimika kuvuka chini yake huvuka peke yake, wenzake wakimtazama. Nikamjibu iliki si theluji.

Asubuhi ya tatu, kijito kimerudi na maji yametakata, nikafanya alivyosema mdogo wangu. Iliki tukaigawa mafungu madogo, kila moja la kubebwa begani bila kufunga kamba, litupwe ukiambiwa kimbia. Bibi alisimama pembeni na sinia na mwiko, macho kwenye miti ya juu: mti ukiinama, apige. Safari tisa. Kijana anadai mimi nilivuka mara tatu. Nilivuka nne.

Pikipiki ikabaki kwa bibi, ng'ambo nikapata Noah hadi Muheza. Nilitumia elfu arobaini hivi zaidi ya hesabu, na doti ya khanga niliyompelekea bibi baadaye.

Mto Sigi ndio unaojaza bwawa la Mabayani, maji tunayokunywa Tanga. Kila nikifungua bomba huangalia kama kandambili yangu imefika.