Kulinganisha miombo, kichuguu na dembo nje ya Lubumbashi

Nahesabu mimea na wadudu wa makazi matatu: miombo, yaani msitu wa miti iliyoachana kidogo, kichuguu, na dembo, bonde la nyasi linalotuama maji. Kilichoniharibia hesabu ya kwanza ni mraba mmoja wa kupimia uliopita juu ya miombo na kichuguu kwa pamoja. Aina za miti ziliongezeka, nikadhani miombo ndiyo tajiri, kumbe utajiri ule ulikuwa wa kichuguu. Mchwa hupandisha udongo wa mfinyanzi kutoka chini, wenye kalsiamu nyingi na asidi kidogo kuliko ule wa msituni uliochujwa na mvua. Ndiyo maana Brachystegia na Julbernardia, miti mikuu ya miombo, huwa adimu juu yake. Sasa kichuguu nakihesabu peke yake.

Napima miraba ya mita 10 kwa 10, idadi ileile katika kila makazi. Kamba ishikwe usawa, isilale kwenye mteremko, la sivyo eneo linapungua bila wewe kujua. Mishazari yote miwili ikitoa mita 14.14, pembe ziko sawa. Miti naihesabu kuanzia mzingo wa sentimita 31, kwa kimo cha mita 1.3. Iliyokatwa kwa ajili ya makaa huchipua mashina mengi: kisiki kimoja, mti mmoja. Dembo karibu halina miti, kwa kuwa maji ya masika hutuama na mizizi hukosa hewa. Kwa hiyo nyasi nazipima kotekote, vimiraba vitano vya mita 1 kwa 1 ndani ya kila mraba.

Wadudu watambaao ndio wasumbufu zaidi. Nafukia vikombe vitano vya plastiki vyenye maji ya sabuni, pembeni vinne na katikati kimoja, kwa saa 48. Mdomo wa kikombe ukijitokeza hata kidogo, sisimizi hugeuka. Masika yakiwa makali, maji ya chini huvisukuma vikombe vya dembo juu, kwa hiyo nasubiri mvua ziishe. Tena mtego hupima mwendo wa mdudu kuliko wingi wake. Nyasi nzito za dembo humchelewesha mende, na kikombe kitupu si ushahidi kwamba hayupo.

Kuhesabu aina tu hakutoshi. Miraba miwili yenye miche 50 ya aina tano: mmoja una kumi ya kila aina, mwingine 46 ya aina moja na mmoja mmoja wa kila aina nyingine. Kipimo cha Shannon, ambacho hupanda aina zikiwa nyingi na zikigawana idadi kwa usawa, kinatoa 1.61 na 0.39. Kujua makazi mawili yanafanana kiasi gani, nazidisha kwa mbili idadi ya aina zinazopatikana katika yote mawili, kisha nagawa kwa jumla ya aina za pande zote mbili. Miombo ikiwa na 12, kichuguu 18, na 6 zikiwa za pamoja, jibu ni 0.4.