Dolomiti au serpentini? Ramani ya miamba ya Milima ya Hajar

Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikichora ramani ya miamba ya Milima ya Hajar, kaskazini mwa Oman, kwa kutumia data za EMIT, na kilichonishughulisha kuliko yote ni bonde moja dogo kwenye grafu ya mwanga, yaani mahali mstari wa grafu unaposhuka kwa sababu mwamba umenyonya mwanga.

EMIT ni kipimaji cha NASA kilichofungwa kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu mwezi Julai 2022. Huuchambua mwanga wa jua unaoakisiwa na ardhi katika bendi 285 (vipande vyembamba vya urefu wa mawimbi), kuanzia takriban nanomita 380 hadi 2,500, na madini mengi hujitambulisha kwa mawimbi yanayoyanyonya. Jangwani kazi hii hunoga, kwa sababu mwamba haukufunikwa na majani na mawingu ni haba.

Hapo Hajar, sakafu ya bahari ya kale yenye umri wa takriban miaka milioni 95, pamoja na mwamba mzito uliokuwa chini yake, ilisukumwa juu ya ukingo wa Bara Arabu. Maji yalipoupenya mwamba huo, sehemu yake kubwa iligeuka serpentini, na jirani yake imesimama milima ya chokaa na ya dolomiti, mwamba wa jamii ya chokaa. Sasa, serpentini hunyonya mwanga karibu na nanomita 2,320, na dolomiti vivyo hivyo; hilo ndilo bonde lile dogo. Serpentini ina alama nyingine nzuri karibu na 1,390, ambayo maabara huionyesha waziwazi, lakini mvuke wa maji ulio hewani huumeza mwanga wa mawimbi ya karibu na hapo kabla haujafika kwenye kipimaji.

Cha kuzitofautisha hubaki weusi wa serpentini na chuma kilichomo ndani yake, ambacho huacha bonde pana karibu na 1,000. Dolomiti kwa kawaida hung'aa. Hata hivyo jua na vumbi la miaka mingi huyapaka mawe ya jangwani ngozi nyembamba ya manganizi na chuma, na dolomiti iliyovaa ngozi hiyo huonekana nyeusi kama jirani yake.

Ndiyo maana nilikwenda mwenyewe hadi mahali pa pikseli moja (nukta moja ya picha) niliyokuwa nimeiweka katika kundi la serpentini. Jiwe lilikuwa la hudhurungi iliyokolea, limelainika juu. Nilipolikwangua kwa kisu, chini ya ngozi palitoka unga mweupe wa kijivu, na tone la asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa likatoa povu taratibu juu ya unga huo, ilhali juu ya jiwe zima halikufanya lolote. Dolomiti hujibu hivyo. Pikseli ile ya mita 60, pamoja na nne za jirani zenye mwamba uleule, nimezitoa katika kundi la serpentini.