Redio iko Kigoma, mimi niko Tabora

Nimepanga chumba hapa Isevya, na mwenye nyumba aliniambia toka siku ya kwanza kwamba hataki kuona waya wowote juu ya bati lake. Na mimi ni mtu wa redio ya ridhaa, sisi tunaoongea hewani na watu wa mbali kwa kupenda tu, na mtu wa redio bila antena ni kama mvuvi bila nyavu jamani. Na hata angeniruhusu sidhani kama ingesaidia, maana jirani yetu ni fundi wa kuchomelea, kila chumba kina chaja ya buku mbili, taa za LED ndo usiseme, ukiwasha redio ya masafa mafupi unasikia mngurumo tu shhhhh asubuhi mpaka usiku.

Kwa hiyo mwanzoni nilikua nasikiliza kwa watu. Ile risiva ya Chuo Kikuu cha Twente, Enschede kule Uholanzi, ya Pieter-Tjerk de Boer, ilianza mwaka 2008 na mpaka leo unafungua kwenye brauza tu, unazunguka toka chini kabisa mpaka megahezi 29, mamia ya watu mko humo kwa pamoja na kila mtu yupo kwenye masafa yake hakuna anayemsumbua mwenzake. Hawakuulizi leseni kwa sababu unasikiliza tu. Lakini jamani kusikiliza kila siku watu wanasalimiana na wewe huna mdomo, inafika mahali inauma.

Ndo tukajichanga wanne, wawili wako Dar, mmoja Mwanza na mimi, wote tuna leseni ya TCRA, ile mamlaka ya mawasiliano, tukanunua redio moja ya wati 100 iliyotumika, tukaenda kuifunga Kigoma kwa bamdogo wangu, mbele kidogo ya Mwandiga, shambani kwake ambako hakuna nyaya za umeme jirani. Antena ni waya tu, wa masafa ya mita 20 (huo ni urefu wa wimbi, sio wa waya), waya wenyewe kila upande ni kama mita 5, tumeifunga kati ya michikichi miwili mirefu na koaksi, ile kebo ya antena, inashuka katikati mpaka kwenye stoo ya mawese. Humo ndani kuna redio, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, ruta ya laini ya simu, betri ya Ah 100 na sola mbili juu ya bati. Kichwa kilituuma kwenye laini ya simu, maana mtandao wa simu haukupi anwani yako peke yako, unachangia na wengine kibao, kwa hiyo huwezi kuipigia hodi ile kompyuta ukiwa nje, mpaka ukafunga VPN, yaani njia yenu binafsi ndani ya intaneti, ndo ikakubali. Bando sio la kutisha kama watu wanavyodhani, sauti tunaituma kilobiti 64 kwa sekunde, hiyo ni kama MB 29 kwa saa kwa upande mmoja.

Siku ya kwanza nimekaa kitandani Isevya, nimebonyeza kitufe, redio ya kwa bamdogo imerusha, na kwenye dirisha lingine nimefungua ile ya Twente nijisikie. Nikajisikia! Sauti yangu imetoka Tabora kwa laini ya simu, imepanda kwenye mchikichi, imeruka kilomita kama 6,700 hewani kwa milisekunde 22 hivi, halafu imerudi kwangu kwa intaneti ikiwa imechelewa kiasi kwamba nilishamaliza sentensi ndo naisikia inaanza. Nilinyamaza nikaisikiliza mpaka ikaisha. Sijawahi kusahau.

Kuna kitu sikukitegemea kabisa. Ukiendesha redio ya mbali inabidi uishi kwa jua la kule, sio la kwako. Jua la Kigoma linazama kama dakika 13 baada ya la Tabora, na ile saa ya magharibi ndo masafa yanabadilika, ya juu yanaanza kufifia na ya chini yanafunguka. Kwangu kigiza kimeshaingia, mwenye nyumba kashawasha taa ya nje, redio bado ina jua la ziwani. Na kwenye logi, daftari la mazungumzo, naandika KI45 ambayo ni alama ya ramani ya Kigoma, siandiki KI64 ya hapa nilipo, maana kinachohesabika ni mahali antena ilipo. Nikiongea na mtu namwambia wazi kabisa, stesheni iko Kigoma mimi mwendeshaji niko Tabora. Kuna watu wanasema hii sio redio ya kweli. Mi siwaelewi, wimbi limeruka kwenye anga lile lile na mchikichi ni mchikichi wa kweli.

Sasa niseme hili maana wenzangu wameniomba niliandike ili wengine wanaotaka kufunga kama yetu walijue mapema. Mwezi wa tatu nilikua napima antena, nimeweka wati 20 inarusha mfululizo bila sauti nione SWR, yaani nguvu inayorudi toka kwenye antena ni kiasi gani, umeme ukakatika hapa mtaani. Kompyuta yangu ni ile ya mezani, ikafa hapo hapo. Redio kule haikujua kama nimeondoka, ikaendelea kurusha. Nikashika simu niingie kwa bando, programu inaniambia stesheni ina mtu, na mtu mwenyewe ni mimi kwenye kompyuta iliyozimika. Kila sekunde najua kuna watu duniani nawaharibia mazungumzo yao na redio ya wenzangu inaungua. Nikampigia bamdogo.

"Shikamoo bamdogo, uko nyumbani?"

"Marahaba, niko hapa, kuna nini mbona unahema?"

"Nenda stoo, angalia lile boksi jeusi, taa ni ya kijani au nyekundu?"

Nikasikia malapa, nikasikia mlango wa bati. "Nyekundu baba. Na mgongoni lina moto kama pasi."

"Chomoa waya mwekundu kwenye betri."

Akachomoa. Ilikua kama dakika kumi zote. Redio ilipona, nashukuru Mungu. Siku hiyo hiyo tukaweka muda wa kurusha kwenye redio yenyewe usizidi dakika 3, na kompyuta ya kule ikikosa kuniona sekunde 2 inarudisha redio kupokea bila kuuliza mtu, na tumeongeza swichi ya laini ya simu, unaipigia inakata umeme wote. Haya tungeyafanya kabla ya kurusha neno la kwanza. Kama unafunga ya kwenu, anza na hayo, antena ifuate.

Mengine ni makubaliano yetu ya kwenye grupu tu, betri ikishuka volti 12.2 hakuna kurusha, nguvu tunarudisha wati 50 ukimaliza, na anayetaka zamu anaandika mapema.

Ila anayeishi nayo ni bamdogo. Yeye hana leseni na hajawahi kuongea humo, lakini ndo anayekata majani yanayogusa waya, ndo anayefuta vumbi kwenye sola. Na ndo anayeliona wingu. Jumamosi jioni nilikua naongea na jamaa mmoja wa Ureno, ananisikia vizuri tu, hapa Tabora nyota zimejaa, simu ikaita.

"Baba, upande wa Kongo kunapiga radi, inavuka ziwa inakuja huku."

Kwenye spika nilikua nimeshaanza kusikia zile paa, paa. Nikamuaga yule jamaa, nikazima. Bamdogo hakukata simu, nikamsikia anafungua mlango wa stoo, anazungusha ile koaksi taratibu mpaka ikatoka, akaitupa nje dirishani kama tulivyomfundisha.

"Tayari," akasema. "Lala."