Siku moja maishani mwangu: mchoraji wa Moshi, tarehe 23 Desemba

Saa 11 alfajiri. Wa Moshi mnajua, mlima Kilimanjaro ukitaka kuuona vizuri uamke mapema, ikifika saa tatu mawingu yashaufunika na ndo basi tena mpaka jioni ukibahatika. Kwahiyo natoka na chai yangu ya rangi nyuma ya nyumba, hapa Majengo kuna upande bado haujazibwa na ghorofa, nakaa juu ya ndoo nachora kwa penseli. Sio picha ya kuuza, ni mistari tu, bega la Kibo, kile kilele kirefu, linavyoshuka, kule katikati panapolala bapa, alaf Mawenzi, kilele cha pili, na meno yake upande wa kulia. Sala ya asubuhi naimalizia hapohapo, mkono unachora mdomo unaongea na Mungu. Mume wangu anasema hiyo sio heshima, namwambia Mungu ameshanizoea.

Na hiyo Mawenzi KULIA naomba niiseme vizuri maana inaniudhi kila msimu. Ile picha ya tembo na mlima nyuma inayouzwa kila kona imepigwa upande wa Amboseli, Kenya, kule wanauona mlima kutokea kaskazini so Mawenzi inakaa kushoto. Vijana wanadownload, wanakopi, wanauza hapa mjini kwa mgeni aliyelala Moshi wiki nzima anaangalia Mawenzi ikiwa kulia. Mae! Chora tembo kama unataka, ila mlima wa nyumbani kwenu uuchore ulivyo bana.

Saa 1 kasoro bodaboda imefika. Leo kazi ya kwanza ni makaburi. Wanaonijua kwa picha za watalii huwa wanashangaa nikisema Desemba pesa yangu ya uhakika inatoka kwenye misalaba, ila fikiria, ndugu wote wamepanda kutoka Dar, Mwanza, wengine nje ya nchi huko, wamekuja "kuhesabiwa" kama watu wanavyotutania, kutakuwa na ibada ya kumkumbuka babu pale kihambani, shamba la ukoo, na hakuna anayetaka shemeji zake wakute jina la mzee limefutika na mvua. So tunapigiwa simu kuanzia mwanzo wa mwezi, chokaa, rangi nyeupe, herufi nyeusi.

Tunapita Kiboriloni, foleni ya magari asubuhi yote hiyo, mbuzi anapandishwa kwenye buti la Crown, tunapanda Old Moshi. Kaburi liko kati ya migomba, hatua chache kutoka mlangoni. Msalaba wa zege walishaupaka nyeupe jana, umekauka vizuri. Napiga mistari kwa uzi na chaki, napanga herufi kwa penseli kwanza, nakoroga rangi ya mafuta nyeusi na thina kidogo mpaka iteleze kwenye brashi bila kudondoka. Alaf naegemeza kiganja kwenye kijiti nilichofunga kitambaa kichwani ili mkono usiguse ukuta na usitetemeke. Hapo unashusha mguu wa herufi kwa pumzi moja, ukipumua katikati mstari unajulikana tu. Mstari waliochagua ni "Heri wafu wafao katika Bwana", nimeuandika kwenye misalaba mingi mpaka naweza kupima nafasi yake kwa macho.

Nimefika kwenye mwaka wa kuzaliwa, ugomvi. Kaka mkubwa aliyetoka Dar ameniandikia 1938, dada aliyebaki nyumbani anasema 1941, na anaongea kama mtu aliyemuogesha mzee miaka yake ya mwisho, ambayo ni kweli ndo yeye aliyemuogesha. Sauti zinapanda. Mi nimesimama na brashi, rangi inaanza kushika. Bibi mjane yuko kwenye kigoda anamenya ndizi, wala hajainua kichwa, akasema, "Andika wowote mwanangu, mwenyewe alikuwa hajui." Watu wakacheka, presha ikashuka, mjukuu akatumwa ndani akarudi na cheti cha ubatizo ndani ya bahasha ya nailoni, 1941 imeandikwa kwa wino. Kaka mtu akanyamaza akaenda kuchinja mbuzi.

Wakati nasafisha brashi bibi akaniuliza naelekea wapi, nikamwambia jioni namalizia picha ya kanisani, ya igizo la watoto, Yesu horini. Akaniuliza hori nalichoraje. Hilo swali lilinishtua kidogo maana kamati yote hakuna aliyeniuliza. Akaniambia wao wamekulia kwenye msonge, ng'ombe analala ndani humohumo upande wa pili, majani anakatiwa analetewa, mtoto usiku anasikia ng'ombe anacheua. "Kwahiyo mtoto kulazwa penye ng'ombe sio ajabu, ajabu ni ile nyumba ya wageni kukosa nafasi." Nimetembea na hiyo sentensi siku nzima.

Nikalipwa elfu sitini na mkungu wa ndizi mshale juu yake. Bodaboda analalamika mkungu mzito, nikamuongezea buku mbili.

Saa 4 na nusu niko mjini kwenye fremu yangu ya duka. Joto la Moshi Desemba sihitaji kulielezea. Duka la rangi kwanza, nyeupe kopo kubwa, bluu, njano ya kuchanganyia kijani cha migomba, maana kijani cha kopo kikiwa chenyewe kinafanya mgomba uonekane wa plastiki, lazima uingize njano na tone la udongo wa kahawia. Risiti natunza. Naomba mkumbuke hizo risiti.

Mpaka saa 7 sikuuza kitu. Nilimalizia ubao mmoja wa tingatinga, ndege na samaki. Watalii wakiulizia tingatinga wanadhani ni kabila, nawaambia ni jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga, alianza Dar miaka ya 60 mwishoni, anapaka rangi za mafuta za kawaida tu kwenye hadibodi, akafariki 1972 na mtindo ukabaki na jina lake. Mi natumia rangi hizohizo kwenye ubao, shida yake inachelewa kukauka na barabara msimu huu ni vumbi mtindo mmoja, so naanika ndani nafunika na kanga kwa juu isiguse. Mchana nikala makande kwa mama wa hapo jirani, umeme ukakatika, feni ikazima, nikalala kwenye mkeka dakika kumi hivi.

Saa 9 wakaja wazungu wawili, mke na mume, Wajerumani, wameshuka mlima kwa njia ya Mweka jana yake, unawajua tu kwa pua zilizoungua na wanavyoshuka ngazi kwa ubavu. Aliyepanda mlima hataki tembo, anataka mlima na urefu wake, mita 5,895, uandikwe mahali. Nikawatolea picha kubwa ya Kibo nyeupe mpaka kiunoni. Mama wa watu akaiangalia sana alaf akatoa simu akanionyesha aliyoyaona kule juu: kuta za barafu chache zimesimama peke yake kwenye mchanga mweusi. Akaniuliza kwanini yangu ina barafu nyingi hivi.

Swali zuri. Tangu 1912 zaidi ya asilimia 80 ya barafu ya pale juu imeisha, hilo hata mapota wanawaambia. Na wazee wa Old Moshi watakuambia weupe ulikuwa unashuka mpaka wapi walivyokuwa wanachunga mbuzi. Picha nyeupe ndo inayouzika haraka, sitawadanganya, na theluji mpya ikidondoka usiku asubuhi mlima unakuwa hivyo kwa masaa kadhaa kabla jua halijaila. Lakini nilikuwa na nyingine nyuma ya mlango, ndogo, niliyoitoa kwenye michoro ya alfajiri, miamba ya kahawia na zambarau na vipande vya barafu pembeni basi, na siku zote wateja wanaipita tu. Mama akaing'ang'ania hiyo. Hakuomba hata punguzo, ambayo kwa Mjerumani mi naita muujiza wa Noeli.

Hiyo ni akriliki kwenye kitambaa cha amerikani, kwahiyo inakunjika. Ukikunja, rangi ikae NJE sio ndani, ikikaa ndani inajibana inapata mikunjo na baadae nyufa. Naweka karatasi laini, naviringisha, naingiza kwenye kipande cha bomba la plastiki ninachonunua kwa fundi bomba, nyepesi kuliko fremu na kwenye ndege haina usumbufu.

Saa 11 jioni kanisani. Hapa ndo nilikuwa nataka kufika.

Pazia la igizo ni amerikani mita sita kwa tatu, nimelitundika ukutani, nalipaka kila jioni kuanzia Majilio yaanze. Kwaya inafanya mazoezi upande wa pili, sauti ya nne inakosea palepale kila siku, watoto wa Sunday school wanakimbizana na mbawa za maboksi. Nimechora Bethlehemu yetu: migomba, msonge, ng'ombe ametoa kichwa, Mariamu amejifunga kanga, na malaika ameshika jani la isale. Kwa asiye wa huku, isale ni lile jani Mchagga analopeleka akienda kuomba msamaha, ukipelekewa isale kukataa ni kazi. Malaika anasema amani duniani, sasa kwa Mchagga amani uishike mkononi kwa jani gani lingine?

Mzee mmoja wa kanisa akasimama nyuma yangu, akauliza hayo masale si mambo ya mila mwanangu. Nikamwambia mzee, baba yako na baba mdogo walivyopatana walipelekeana nini? Akakaa kimya, akasema ng'ombe umemchora vizuri.

Hilo la isale liliisha. Ambalo haliishi ni la hela. Nilipoomba warudishe gharama ya rangi tu, sio ufundi, RANGI, mtu wa kamati akanijibu mbele ya watu "si kipaji Mungu kakupa bure, mmepata bure, toeni bure." Na hapo wanamuziki, mafundi na wapambaji mnaosoma hii mmeshacheka kwa uchungu. Huo mstari ni Mathayo 10:8. Nikamwambia baba naomba uendelee kusoma, hatua mbili tu mbele, mstari wa 10, "mtenda kazi astahili posho lake." Kinywa kilekile, safari ileile.

Alaf kuna Bezaleli, fundi wa hema la Mungu enzi za Musa. Kutoka 31, Mungu anamwita kwa jina, anamjaza roho kwa ajili ya ufundi, kazi za dhahabu, kukata vito, kuchonga miti. Fundi huyo! Lakini dhahabu na nyuzi hakununua yeye. Watu walileta kila asubuhi mpaka mafundi wakaenda kumlalamikia Musa kwamba vimezidi, ikabidi itangazwe kambini watu waache kuleta, iko Kutoka 36. Mi sijasubiri ya kuzidi. Nataka kopo la bluu. Muda wangu nimeutoa kwa moyo, jioni zote hizi hakuna aliyenilazimisha na nisingeuza kwa mtu, kwasababu kwenye fremu mteja ndo anachagua nichore nini na hapa kanisani nimechora ninachoamini. Ila sadaka ninayo mimi mkononi naitoa, ukija kuninyang'anya ukaiita sadaka hapo tunaongea lugha nyingine.

Saa 2 usiku nikaongeza kitu kimoja kwasababu ya bibi wa asubuhi: pembeni kabisa ya pazia, nyumba nzuri ya bati la rangi, geti, taa zote zinawaka, mlango umefungwa. Mtoto anayeigiza Yusufu akaja akaniuliza hiyo nyumba ya nani. Nikamwambia ya wageni. Akaiangalia akasema inafanana na kwa baba mkubwa, amejenga iko juu kule anakuja Krismasi tu. Sikumjibu, na najua tarehe 24 huyo baba mkubwa atakaa benchi za mbele.

Saa 4 kasoro nimefika nyumbani, ndizi zimeshapikwa na nyama, miguu inawaka moto, mikono nimesugua na mafuta ya taa kabla ya sabuni. Kwenye grupu la usharika mhazini kaandika, "Mama wa pazia tuma risiti." Nikapiga picha zote, moja ina dole gumba la bluu katikati lakini jumla inasomeka. Akajibu: "Sawa mama, tutaangalia baada ya Krismasi."

Nikamuuliza ya mwaka gani. Tiki za bluu ninazo, jibu bado.