Nilivyosoma mikrofishi Tabora bila mashine yake

Maktaba yetu ina mikrofishi, yaani kadi za plastiki zenye picha ndogo mno za kurasa. Nianze na washauri, maana walinichosha kuliko kazi yenyewe. Mmoja aliniambia zile plastiki nizitupe, kila kitu siku hizi kipo mtandaoni. Nikamwomba anitafutie humo ripoti ya nta ya Tabora enzi za Mwingereza; mpaka leo anatafuta. Mwingine akasema zinanuka uvundo, nizianike. Nakala nyingi za mikrofishi ni za diazo, filamu ya kunakilia inayotumia rangi, na diazo ikikaa kwenye mwanga mkali inapauka. Sasa jua letu la mwezi wa kumi unalijua? Ningeanua plastiki tupu.

Maktaba yenyewe ni ndogo na mashine ya kusomea ilishakufa zamani. Kabatini mikrofishi zilikuwa kwenye bahasha zake, kila moja milimita 105 kwa 148, kama kadi ya posta, na kadi moja ya aina hiyo inabeba mpaka kurasa 98 zilizopunguzwa mara 24. Juu yake kuna mstari wa kichwa unaosomeka kwa macho. Kwa mstari huo tu niliorodhesha kabati zima, huku wenzangu wakisubiri mfadhili alete mashine.

Aliyenipa moto ni binti mmoja wa chuo cha nyuki. "Shikamoo dada, nasikia mna ripoti za zamani za asali." Tunazo, ila kuzisoma ndiyo kasheshe.

Nikaenda stesheneri. Kijana akaniapia: "Dada, hii skana haishindwi na kitu." Akaweka, akabonyeza, ikatoka karatasi nyeusi tii. Akaiweka upya, safari hii kafungua mfuniko na kumulika tochi ya simu kwa juu. Zikatokea kurasa kweli, ila kila herufi kama kinyesi cha nzi. Akazidi kukuza, nzi akawa ng'ombe. Wateja wa pasipoti wakajipanga nyuma yangu wakitoa maoni. Hesabu yake ni rahisi: skana ile ilikuwa ya nukta 600 kwa inchi, gawanya kwa 24, zinabaki 25. Hata faksi ya kizamani ina nafuu. Nilimlipa hivyo hivyo, umeme wake ulikuwa umetumika.

Jibu nililipata kwa fundi mmoja Isevya, kwenye rundo la deki za DVD zilizokufa. Ule mdomo unaosoma sahani una kalenzi kadogo kama punje ya mtama. Akakang'oa kwa kibano, akadai elfu mbili au tatu hivi, na mazungumzo juu. Nikakabana na kibanio cha nywele mbele ya kamera ya simu. Ukisogea karibu kabisa, herufi zinakuja nene, nyeusi, mpaka unaona wino ulipokatika kwenye taipu.

Mwanga ndio uliotaka akili. Ukilaza mikrofishi moja kwa moja juu ya kioo cha simu nyingine, unapiga picha ya vinukta vya skrini pamoja na maandishi. Mimi niliweka simu ya mwanga chini, karatasi nyembamba nyeupe juu yake, halafu viberiti viwili, kisha kioo cha fremu ya picha. Mikrofishi inakaa juu ya kioo hicho, na kioo kingine kinaikandamiza ilale. Ukishaiinua hivyo, vinukta vinapotea. Kamera iwekwe kwenye kuchelewa sekunde mbili, maana ukibonyeza tu kila kitu kinatikisika. Ukurasa mzima hauenei, unapiga vipande vipande. Zile zenye maandishi meupe kwenye weusi, simu yenyewe inageuza rangi. Na shika pembeni tu, hasa kama umetoka kula karanga.

Roli za mikrofilamu, yaani kurasa ndogo kama hizo kwenye utepe mrefu, ni habari nyingine. Iliyotengenezwa kwa plastiki ya poliesta na picha ya fedha, ikitunzwa pakavu penye baridi, inakadiriwa kufika hata miaka 500. Za asetati, plastiki ya kizamani zaidi, zinaoza, na kwetu moja ilikuwa ikinuka siki. Hiyo nimeihamishia chumba kingine, mvuke wake unaharibu jirani zake.

Binti nilimtumia kurasa zake kwa WhatsApp. Hajamaliza kushukuru akataka na za mwaka uliofuata. Zipo, kadi ya pili. Nimemwambia aje na simu yake, ya kwangu imejaa.