Siku ls Ilipokataa

Jana usiku kijana wetu wa fildi kanitumia picha ya skrini: `version 'GLIBC_2.28' not found`, yaani programu inataka toleo la 2.28 la glibc (libc), maktaba ya msingi ya Linux, na haipo. Chini yake swali: "Kaka, si naelekeza tu kiungo cha libc.so.6 kwenye mpya?" Kiungo, yaani jina linaloelekeza kwenye faili halisi la maktaba.

Hilo "tu" ndilo lililonikaa.

Mwaka 2022 nami nilifanya hivyohivyo, kwenye seva ya CentOS 7, aina mojawapo ya Linux. Node.js 18 (programu ya kuendesha JavaScript) ilikuwa imetoka Aprili, ikitaka glibc 2.28. CentOS 7 ina 2.17, ya Desemba 2012, na haibanduki nayo kwa kuwa karibu kila programu ya mfumo imeegemea hapo. Nikaijenga 2.28 ndani ya /opt (siku mbili, tusiziongelee), kisha nikiwa root, mwenye mamlaka yote, nikaelekeza kiungo kwenye hiyo mpya:

`ln -sf /opt/glibc-2.28/lib/libc.so.6 /lib64/libc.so.6`

Haikulalamika. Nikaandika `ls`, ya kuorodhesha faili. Relocation error. `cp`, vilevile. `vi`, `sudo`, hata `ln` yenyewe. SSH mpya (ya kuingia seva kwa mbali) ikakatika kabla ya kuuliza nywila. Libc na kipakiaji chake, ld-linux-x86-64.so.2, kinachoipakia programu inapoanza, ni kufuli na ufunguo wa seti moja. Huitana kwa alama za ndani, GLIBC_PRIVATE, ambazo hazina ahadi ya kufanana toleo hadi toleo. Mimi nilibadilisha kufuli, ufunguo nikauacha wa 2.17.

Lilibaki hai dirisha moja, bash (programu inayopokea amri) iliyokuwa imeshaipakia libc ya zamani. Ilikuwa na amri zake za ndani tu. Nikaandika `echo /lib64/libc-*`, herufi moja moja, nikiogopa kidole kisije kikagusa Ctrl+D na kulifunga. Likatokea: libc-2.17.so. Faili lenyewe sikuwa nimelifuta, nilibadili kiungo tu. Sijawahi kufurahia jina la faili namna ile.

`/sbin/sln /lib64/libc-2.17.so /lib64/libc.so.6`

Sln huunda kiungo kama `ln`, ila haiegemei maktaba yoyote, kila inachohitaji imekibeba tumboni. Sijui nani aliiwaza, ila alikuwa anatujua. `ls` ikarudi.

Node tukaiweka kwenye kontena, yenye maktaba zake mbali na za mfumo, wiki ileile. Hata patchelf ingetosha, `--set-interpreter` kubadili kipakiaji na `--set-rpath` kubadili njia ya maktaba kwa programu ile moja, mfumo usiguswe. Kwa nini sikuanza hivyo? Labda kwa sababu `ln` ni mstari mmoja.

Nikamjibu kijana: usiguse /lib64.

"Nishagusa kaka."

"Dirisha umelifunga?"

Ikaonyesha anaandika, ikaacha, ikaonyesha tena.