Siku moja maishani mwangu: fundi mbao na muvu ya tatu

Saa kumi na moja alfajiri niko karakana tayari, huku Kongowea. Adhana ndio imemalizika. Mombasa ukitaka kupanda ukuta wa mazoezi kwa mikono na miguu ni saa hii au usiku sana, jua likishachomoza basi tena, jasho linaingia vidoleni na mbao inateleza kama imepakwa samli. Mpwa wangu kashanitangulia, anapasha vidole moto, "shikamoo mjomba" anasema bila hata kugeuka, macho yako kwa ubao wa kupandia.

Ubao huo nimeupigilia kwa mkono wangu, plaiwudi ya milimita 18, umeinama nyuzi 45, umekula ukuta wote wa nyuma ambako zamani nilikuwa naegemeza milango. Vishikio nimechonga mwenyewe kwa mwarobaini. Njia anayoijaribu ina muvu tano tu, yaani hatua za kutoka kishikio kimoja hadi kingine, na tuko mwezi wa saba sasa, watu wanauliza muvu tano miezi saba kwani mnafanya nini humo.

Huwa nawaeleza habari ya Burden of Dreams. Ni jiwe la graniti la kupanda, liko Lappnor kule Ufini, limelala kuelekea kwako, vishikio vyenyewe ni vikingo vya kushika kwa ncha za vidole. Nalle Hukkataival, mwenyeji wa huko, alilihangaikia miaka, majaribio yakapita elfu nne, mpaka Oktoba 2016 ndio akalimaliza, akalipa gredi ya ugumu ya V17 ambayo haikuwa imewahi kutolewa popote. Halafu likakaa zaidi ya miaka sita hakuna aliyelirudia! Aprili 2023 akaja Will Bosi wa Uskoti, na huyu ndiye alinigusa mimi kama fundi, kwa sababu alianza kwa kujifua kwao kwenye nakala ya vile vishikio, ndipo akaenda kwa jiwe lenyewe. Yaani kuna mtu alikaa akatengeneza nakala ya kila kingo. Niliposoma hio sikulala.

Saa kumi na mbili anajaribu. Muvu ya kwanza, ya pili, safi, ya tatu mkono wa kushoto unaruka kwenda kwa kile kishikio kidogo, milimita tisa, mguu wa kulia unachomoka, godoroni. Tena. Tena. Mara ya sita ananionyesha kidole cha kati, ngozi imefunguka kama ganda la kitunguu.

Saa moja mahamri na mbaazi kwa mama wa jirani, halafu yeye chuoni mi kazini. Mchana ni kabati ya jikoni ya mteja wa Nyali, droo zimekataa kukaa sawa, nimerudia randa mara tatu. Sina mengi ya kusema hapo.

Saa tisa alasiri nimekaa pekee yangu, nikakifungua kile kishikio nikakiweka kwa vaisi. Msasa uko mkononi. Nilikuwa nawaza, nikikizungusha kidogo tu hapa juu, nusu milimita, kidole kitaingia na huyu mtoto atapita leo usiku, na nani atajua? Nimekiangalia kwa muda mrefu sana. Nikapiga simu.

"Mjomba usikiguse hicho."

"Kinakukata mwanangu."

"Kinanikata pale pembeni kushoto, sipashiki pale. Hapo toa. Juu niachie kama kilivyo, nikipita kwa kilichobadilishwa ntakuwa nimepita nini?"

Basi nikachukua tupa nikatoa ile pembe ya kushoto tu, kidogokidogo, napapasa kwa kidole gumba kila nikipiga mara mbili. Ile kingo ya juu nimeifunika kwa tepu nisije nikateleza. Saa nzima kwa kitu kinachoingia kiganjani, na hio saa naihesabu bora kuliko kabati yote.

Saa nne usiku karudi. Kusi inavuma, milango yote miwili tumefungua, feni tumeielekeza kwa ubao. Kule Ufini wanangojea baridi ndio ngozi ikamate, sisi tunangojea upepo. Anapaka chaki, anapuliza vidole, anakaa chini, kimya. Majaribio matatu anaanguka palepale. La nne mguu haujachomoka, mkono wa kushoto umefika, vidole viwili vimeshika, nimeona kabisa vimejikunja juu ya kingo na mwili umesimama hewani sekunde moja hivi, kisha akadondoka.

Hakuna aliyesema kitu. Kachukua penseli yangu nyuma ya sikio, kaandika tarehe kwenye plaiwudi karibu na kishikio, na chini yake "vidole 2".

Saa sita usiku nafagia chaki, yeye kalala kwa godoro na viatu miguuni. Nimempigia mamake kumwambia atalala huku.